Vifaa vya kupimia kwenye karakana ya nyumbani: kuvichagua, kuvikagua na kuvitumia

Droo inakwama. Mlango wa kabati unaacha mwanya juu na kubana chini. Stuli inacheza ingawa sakafu ni sawa. Mara nyingi kosa halikuanzia kwenye msumeno. Kipande kimoja kilipimwa kwa tepu, cha pili kwa rula, cha tatu kwa tepu nyingine iliyokuwa karibu, na pembe zote zikaachiwa guni, kile kifaa cha kupimia nyuzi 90, ambalo halijawahi kukaguliwa tangu litoke dukani. Kila kifaa kina kosa lake dogo, na makosa hayo hayafutani, yanajumlishana.

Ndiyo maana mwongozo huu hauanzi na orodha ya vitu vya kununua. Unaanza na swali la usahihi wa kiasi gani kazi ya mbao inauhitaji, kwa sababu jibu lake ndilo linaloamua kifaa kipi kinunuliwe kwanza na kipi kisubiri.

Hatua ya 1: Jua unautafuta usahihi gani

Mbao hunywa unyevu wa hewa na kuutoa, na kila inapofanya hivyo hutanuka au kusinyaa. Kwa urefu wa nyuzi zake haibadiliki kwa kiasi cha kukusumbua: tangu ikiwa mbichi hadi ikauke kabisa hupungua asilimia 0.1 hadi 0.2 tu. Kwa upana mambo ni tofauti. Ubao uliopasuliwa sambamba na miviringo ya gogo husinyaa wastani wa asilimia 8 hivi, na ule uliopasuliwa kuelekea kiini husinyaa karibu nusu ya hapo. Chukua ubao wa aina ya kwanza wenye upana wa milimita 200. Unyevu ulio ndani yake ukitoka asilimia 12 hadi 8, upana unaweza kupungua milimita 2. Hapo kifaa kinachosoma milimita 0.01 hakikusaidii chochote, kwa kuwa namba uliyoandika leo haitakuwa kweli msimu ujao.

Lakini kwenye viungo, sehemu ya kumi ya milimita ina maana. Ulimi, yaani ncha ya ubao mmoja inayoingia kwenye tundu la mwingine, ukiwa mnene kuliko tundu lake kwa milimita 0.2, utaupiga nyundo hadi ubao upasuke. Ukiwa mwembamba kwa kiasi hichohicho utacheza, na gundi nyeupe ya mbao haina nguvu ya kujaza mwanya. Karatasi ya kawaida ya kuchapia ina unene wa milimita 0.1 hivi, ukitaka kujua vidole vyako vinaweza kuhisi kiasi gani, weka kipande chake chini ya rula kisha pitisha kidole ukingoni.

Kwa hiyo gawa vipimo vya kazi yako katika makundi. Vipimo vya jumla, kama urefu wa meza, vinavumilia kosa la milimita nzima na hakuna atakayejua. Vipande vinavyotakiwa kulingana, kama miguu minne ya meza au pande mbili za droo, visitofautiane zaidi ya milimita 0.2, hata kama vyote vinne vimekosea urefu uliokusudiwa. Unene wa viungo ndio unaodai milimita 0.1.

Na kuna pembe, ambazo wengi huzisahau kwa sababu hazina namba kwenye tepu. Kosa la nyuzi 0.1 tu huleta mwachano wa milimita 0.5 kwenye ubao wa milimita 300. Fremu ya picha ina mikato minane. Kila mkato ukikosea nyuzi 0.25 kwa upande uleule, ukifika kona ya mwisho utakuta pengo la nyuzi 2. Hilo linaonekana kutoka mlangoni.

Hatua ya 2: Nunua kwa mpangilio huu

Cha kwanza ni guni, au skwea kama wengi wanavyoliita. Kama fedha zako zinatosha kifaa kimoja tu kizuri, ziende hapa. Guni la mafundi wa chuma, ambalo kitako (mkono mnene unaoegemea ubao) na ubapa (mkono mwembamba wa kuchorea) vyote ni vya chuma, huwa sahihi kuliko lile lenye kitako cha mbao. Yanayotengenezwa kwa kiwango cha Kijerumani cha DIN 875 huandikwa daraja lake. Daraja la 2, ambalo ndilo la chini kabisa, bado linaruhusu kosa la milimita 0.04 tu kwenye urefu wa milimita 200, na hiyo inatosha kabisa kwa mbao. Usilipie daraja la 0.

Wengine hupendelea skwea yenye kichwa kinachoteleza juu ya rula, ambayo Laroy Starrett wa Marekani aliipatia hataza mwaka 1879. Inapima nyuzi 90 na 45, inapima kina, na ukifunga kichwa inakuwa kifaa cha kuchorea mstari sambamba na ukingo. Ni kifaa kizuri sana kikiwa kizuri, na ni kibaya kuliko vyote kikiwa duni, kwa sababu kichwa kinacholegea hukupa pembe mpya kila ukikaza skrubu. Dukani, ifunge, iguse ubapa kwa kidole, uone kama unacheza. Ukicheza, irudishe rafuni.

Cha pili ni rula ya chuma ya milimita 300, na ya 150 ukiweza. Chagua ile ambayo mistari yake imechimbwa kwenye chuma, si kupakwa rangi juu. Iliyochimbwa ina faida mbili: haifutiki, na ncha ya kisu au ya bikari huingia kwenye mstari na kutulia pale. Rangi ya kijivu isiyong'aa inasomeka vizuri kuliko chuma kinachometameta chini ya taa.

Kisha kisu cha kuchoria na mahati, yaani ile geji ya kuchorea mistari sambamba. Hivi havina namba, na ndiyo maana wanaoanza huviruka, wakakimbilia kalipa ya dijitali, kifaa chenye taya cha kupimia unene. Kwa maoni yangu hapo ndipo fedha nyingi za karakana ya nyumbani hupotea. Mstari wa penseli iliyotumika kidogo una upana wa milimita 0.5 au zaidi. Kipimo cha 0.01 kikichorwa kwa penseli hiyo kimekwisha kufa.

Tepu ya mita 3 au 5 inatosha. Tafuta namba ya Kirumi iliyoandikwa mwanzoni mwake ndani ya duara au umbo dogo: hiyo ni daraja la usahihi. Tepu ya daraja la II inaruhusiwa kukosea milimita 0.7 kwenye mita 2. Ya daraja la I, milimita 0.3, ya daraja la III inafikia 1.4. Nunua yenye milimita peke yake ukiweza. Tepu yenye inchi upande mmoja hukufanya usome upande usio sahihi pale unapoigeuza, na inchi moja ni milimita 25.4, namba isiyokubali kukadiriwa kichwani.

Kalipa ije mwisho. Ya milimita 150 inatosha. Iwe ya venia (yenye skeli mbili za kulinganisha mistari), ya saa (yenye mshale) au ya dijitali, zote zinafanya kazi; nitaeleza tofauti mbele. Vipima umbali vya leza viache kwa ajili ya kupima vyumba, maana nyingi zake hukosea milimita 1.5 hadi 2.

Hatua ya 3: Kagua kabla ya kuamini

Kifaa kipya hakina tofauti na cha zamani hapa. Vyote vikaguliwe, na ukaguzi wenyewe hauhitaji maabara.

Guni hukaguliwa hivi:

1. Tafuta ubao wenye ukingo ulionyooka kweli. Ukingo wa kiwandani wa MDF, ubao wa nyuzinyuzi za mbao zilizoshindiliwa, unafaa.
2. Bana kitako cha guni kwenye ukingo huo, uchore mstari kwa kisu kufuata urefu wote wa ubapa.
3. Pindua guni ili kitako kielekee upande wa pili, ukiwa bado kwenye ukingo uleule, na usogeze ubapa mpaka uguse mwanzo wa mstari wa kwanza, pale ukingoni.
4. Chora mstari wa pili.

Mistari ikilaliana hadi mwisho, guni ni zima. Ikiachana juu, mwachano unaouona ni kosa mara mbili. Kwa mfano, mwachano wa milimita 0.4 kwenye urefu wa 200 una maana guni limekosea 0.2. Huo ndio uzuri wa njia hii, inakuza kosa kabla hujalipima. Kumbuka tu kwamba ukingo ukiwa umepinda utalaumu guni bure, kwa hiyo jaribu kwenye kingo mbili tofauti.

Guni kubwa la bapa moja la umbo la L linaweza kurekebishwa. Pembe ikiwa imefunga chini ya nyuzi 90, piga tindo la ncha kwenye kona, karibu na pembe ya ndani. Chuma kitatanuka hapo na kuifungua. Ikiwa imezidi 90, piga karibu na pembe ya nje. Piga kidogo, kagua, piga tena. Guni la kitako kinene halikubali matibabu haya. Hilo husuguliwa kwa tupa au hurudishwa dukani.

Rula na ukingo wowote ulionyooka hukaguliwa kwa mtindo huohuo: chora mstari, pindua rula, chora tena kupitia ncha zilezile mbili.

Kwenye tepu, kinachochunguzwa ni kile kikulabu cha mbele. Kinacheza, na kimetengenezwa kicheze, kiasi sawa na unene wake mwenyewe: ukikinasa ukingoni hutoka nje, ukikisukuma ukutani huingia ndani, na sifuri hubaki mahali pake. Usikigonge wala kukikaza. Kukijaribu, bana rula ya chuma juu ya meza, sifuri yake ikiwa sawasawa na ukingo wa meza. Nasa tepu kwenye ukingo, ulinganishe mistari. Halafu bana kipande cha mbao kwenye ukingo kiwe kama ukuta mbele ya sifuri, sukuma kikulabu kwacho, ulinganishe tena. Mistari ikikubaliana mara zote mbili, sawa. Isipokubaliana, kikulabu kimepindwa na kuanguka.

Kalipa ina mtihani mzuri ambao haugharimu karibu kitu. Beringi ya namba 608, ile inayotumika kwenye viatu na mbao za magurudumu, ina kipenyo cha nje cha milimita 22, tundu la 8 na upana wa 7, na hutengenezwa kwa usahihi ambao kalipa yako haitauona. Funga taya kwanza, zitazame kwenye mwanga, mwanga usipenye. Kisha pima 22 na 7 kwa taya za nje, na 8 kwa taya za ndani. Tundu la 8 likisomeka pungufu kwa sehemu chache za mia, usishtuke: ncha za taya za ndani zina ubapa mdogo, na kwenye tundu dogo ubapa huo hula sehemu ya kipimo.

Pima maji nayo hukaguliwa kwa kugeuzwa kichwa kwa mkia mahali palepale. Povu lisimame pale liliposimama mwanzo.

Hatua ya 4: Chagua uso wa msingi, kisha usiuache

Kabla ya kuchora chochote, teua uso mmoja wa kila ubao uliopigwa randa ukanyooka, na ukingo mmoja unaokutana nao kwa nyuzi 90. Vitie alama kwa penseli. Kuanzia hapo kila kipimo kianzie kwenye uso au ukingo huo. Kitako cha guni hugusa hapo tu, na mahati hutelezea hapo tu.

Sababu yake ni hii. Ubao ukiwa mnene milimita 22 mwanzoni na 21.7 mwishoni, ukichora tundu kwenye mguu kutoka uso wa mbele na ulimi kutoka uso wa nyuma, tofauti hiyo itajitokeza kwenye kiungo. Ukichora vyote kutoka nyuso za mbele, nyuso hizo zitalingana na tofauti itahamia nyuma, ambako hakuna anayetazama. Ukubwa wa kosa haukubadilika, umelipeleka pasipoumiza.

Chora mkato kwa kisu. Kisu chenye mnoleo upande mmoja hulazwa uso wake bapa dhidi ya ubapa wa guni, na mnoleo ukielekea sehemu itakayotupwa. Usianze kwa kuweka guni kwenye alama na kubahatisha. Weka ncha ya kisu kwenye alama, sogeza guni mpaka liguse kisu, ndipo uchore. Mara ya kwanza pitisha kwa wepesi, ya pili kwa nguvu kidogo. Ukikandamiza mara ya kwanza, kisu hufuata nyuzi za mbao na kuliacha guni. Mfereji huo mwembamba baadaye hupokea patasi, nayo hutulia humo yenyewe bila kukisia.

Mahati nayo hutaka mkono mwepesi. Ibane kwenye ukingo wa msingi, iinamishe kidogo ili ncha au gurudumu liburute nyuma ya mwendo, upitishe mara mbili tatu. Unapoiandaa kwa ajili ya tundu, usisome rula: weka ncha zake mbili kwenye upana wa patasi utakayoitumia. Tundu litakuwa na upana wa patasi hata ukitaka vingine, kwa hiyo patasi ndiyo kipimo.

Hatua ya 5: Hamisha kipimo bila kukisoma

Kila unaposoma namba, kuikumbuka, kisha kuitafuta kwenye kifaa kingine, kuna nafasi tatu za kukosea. Jicho likitazama rula kwa pembeni badala ya wima, mstari huhama; ndiyo maana ni bora kuisimamisha rula kwa ukingo wake ili alama ziguse mbao. Namba 6 na 9 hubadilishana kwenye tepu iliyogeuzwa. Dawa yake ni kuacha namba kabisa pale inapowezekana.

Tengeneza ufito wa vipimo. Ni kipande chembamba cha mbao iliyonyooka, chenye urefu wa kazi nzima, ambacho unakitia alama za kila kitu: rafu ya kwanza hapa, bawaba hapa, mwisho wa droo hapa. Alama hizo huzipima mara moja tu, kwa utulivu. Baada ya hapo pande zote mbili za kabati huchorwa kwa ufito huohuo, nazo hulingana kwa sababu hazina njia ya kutolingana. Ukikosea alama moja, zinakosea pamoja, na rafu bado inakaa sawa.

Kwa vipimo vya ndani, kama upana wa nafasi ya droo, tumia fito mbili zilizochongwa ncha. Zilaze pamoja, zitanue hadi ncha ziguse kuta zote mbili, uzibane kwa klempu ndogo. Huo ndio upana, bila kuikunja tepu kwenye kona na kukisia.

Vipande vinavyopaswa kulingana visipimwe kimoja kimoja. Funga kizuizi cha mbao kwenye mwongozo wa msumeno, kata vyote vikigota hapo. Acha nafasi ndogo chini ya kizuizi, maana unga wa mbao ukijikusanya utafupisha kila kipande kinachofuata. Na ukilazimika kutumia tepu kwa kazi ya makini, usitumie kikulabu: anzia kwenye alama ya 100 badala ya sifuri, kisha toa 100. Sema "mia" kwa sauti unapofanya hivyo. Ni jambo la kuchekesha hadi siku usiposema.

Hatua ya 6: Kalipa ifanye kazi yake

Kalipa ni ya unene, kina na vipenyo. Plaiwudi iliyouzwa kama ya milimita 18 mara nyingi iko chini ya hapo, na ukichimba mfereji wa 18 kamili, rafu itacheza. Ipime sehemu tatu nne, uchimbe kufuata ile nene zaidi. Usikandamize: mbao laini hubonyea chini ya taya, na kalipa itakuonyesha namba unayoitaka badala ya ile ya kweli. Tumia sehemu pana ya taya, si ncha.

Skeli ya venia, iliyoelezwa na Mfaransa Pierre Vernier mwaka 1631, bado inafanya kazi bila betri. Tazama sifuri ya skeli ndogo imepita milimita ngapi kwenye skeli kubwa, tuseme 18. Kisha tafuta mstari mmoja wa skeli ndogo unaolingana kabisa na mstari wowote wa juu yake. Kwenye kalipa ya 0.05, ukiwa wa saba, kipimo ni 18 na 0.35, yaani 18.35. Ya dijitali huonyesha tarakimu ya 0.01, lakini nyingi za milimita 150 zina kosa la 0.02 au 0.03, kwa hiyo tarakimu ya mwisho ni pambo tu kwa kazi ya mbao. Faida yake ya kweli ni kitufe cha sifuri. Pima tundu, bonyeza sifuri, kisha pima ulimi: kinachoonekana ni tofauti yenyewe, bila hesabu.

Hatua ya 7: Kabla gundi haijashika

Bana sanduku, pima ulalo (kutoka kona hadi kona ya mkabala) wote wawili. Ukilingana, na pande zinazotazamana zikiwa sawa, kona zote ni nyuzi 90. Kwenye fremu ya milimita 600 kwa 400, ulalo unatakiwa uwe kama 721, na tofauti ya milimita 2 kati ya ulalo mmoja na mwingine ina maana ubavu wa 400 umelala kando kwa milimita 1.2 hivi. Sogeza klempu ivute ulalo mrefu, upime tena. Usiilegeze klempu kabla gundi haijakauka, hata kama namba zimependeza.

Guni likianguka sakafuni, rudia ukaguzi wa hatua ya 3 siku hiyohiyo. Futa vyuma kwa kitambaa chenye mafuta kidogo, kwa sababu jasho la mkono huanzisha kutu kwenye mistari. Kalipa ya dijitali usiihifadhi taya zikiwa zimefungana kabisa, na ukiweza iwekee betri ya SR44 badala ya LR44. Umeme wake hubaki palepale hadi karibu iishe, na hudumu zaidi. Namba zikianza kurukaruka au kumeta, futa kwanza unga ulioingia kwenye mkondo wa skeli, halafu badilisha betri.